Kidole Hapa, Kete Kule

Kama kuna siku Kahaso alijiona mjanja, ni Jumamosi ile, katika ukumbi wa hoteli moja ya Diani, mbele ya kioo kipana kuliko kitanda. Meno yote nje! Wageni walikuwa wameacha bwawa la kuogelea, wapishi wameacha masufuria, na madereva wa tuk-tuk wamejipenyeza langoni wakisingizia kwamba wameleta mtu. Wote walitaka kuona ajabu moja. Mzee Alfani wa Msambweni alikuwa acheze bao na mzee Ziro wa Samburu, na mzee Ziro mwenyewe hayupo.

Hayupo, lakini yupo. Ziro ni babake Kahaso, na saa ile alikuwa kitandani kwake Samburu, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ameegemea mito miwili na tableti iko mapajani. Miguu yake haikusimama tena tangu alipoanguka kutoka juu ya lori la mbuzi. Kabla ya hapo, kila aliposhusha mifugo soko la Kombani, alimkuta Alfani ameshapanga kete anamngoja. Watacheza, watatukanana kwa mapenzi, wataachana kila mmoja akiapa kwamba hatamtazama mwenzake tena. Wiki ya pili yake wako pale pale.

Alfani alikuwa fundi wa makuti. Nusu ya mapaa ya Diani ameyaezeka yeye, na ulimi wake ni mkali kushinda panga lake. Ziro hakuwahi kumfunga, hata mara moja. Lakini mshindani ni mshindani, na baada ya ajali Ziro akabaki hana. Vijana wa Samburu aliwafunga kabla chai haijapoa, wakamkimbia. Mzee akaanza kunyauka. Chakula anakisukuma, redio anaizima, maneno yake yakawa ya kuhesabu. Kahaso alikwenda kumwona, akarudi kwake Ukunda analia kwenye gari bila kujali nani anamtazama.

Kilio kikaisha, akaingia kazini, maana yeye kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta. Akaunda bao la kuchezwa na watu wawili walio mbali. Ndani ya programu yake alitia kivinjari, kile kile watu wanachofungulia kurasa za mtandao, ila hiki alikificha. Hakina anwani, hakina vitufe, mtu haoni kitu ila ubao na kete. Programu na kivinjari wakagawana kazi hivi: programu ya nje ndiyo bawabu, inapokea kidole mlangoni na kupiga ukelele, "Nimeguswa hapa!" Kivinjari kilicho ndani kinasikia, kinatazama ni shimo gani, kinasogeza kete. Kwenye laptopu yake mambo yalikwenda kama maji.

Kumpata Alfani ndiko kulikomtoa jasho. Alimfuata Msambweni mpaka nyumbani, akaamkia, akaketi, akabembeleza. Mzee akamsikiliza huku anatafuna karanga.

"Nitacheza mara moja, mwanangu," akasema mwisho. "Kwa sababu ya babako. Nikiona upuuzi, nitainuka, na msiniite tena."

Basi hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani Jumamosi ile. Likienda sawa, Ziro amepata mtu wake. Likiharibika, amempoteza kabisa.

Mchezo ukaanza kwa kelele. Uso wa Ziro ulikuwa kwenye pembe ya kioo, amenyolewa, amevaa shati la sikukuu.

"We Alfani! Bado hujafa?"

"Nife nimwachie nani kazi ya kukufunga? Cheza, babu!"

Ukumbi ukacheka. Nassir, mwenyekiti wa chama cha bao na ndiye mwamuzi, akawataka watu watulie. Alfani akasogea kiooni, akavuta mkono wa kanzu, akagusa kichwa cha kushoto, lile shimo la kwanza kabisa. Kete ikaingia pale pale. Watu wakapiga makofi. Ziro akajibu kutoka Samburu, kete zikatembea zenyewe mbele ya macho ya watu. Mgeni mmoja mzungu akamwuliza mpishi kinachoendelea, mpishi akamwambia angoje.

Alfani akagusa tena kichwa cha kushoto. Sawa. Mara ya tatu akatulia, akatazama ubao, akatabasamu. Mbele ya shimo lake la nne Ziro alikuwa amerundika kete kama mtu anayeficha akiba. Alfani akainua kidole, akakitua kwenye la nne taratibu, kwa madaha, ili kila mtu aone.

Kete ikaangukia la sita.

La sita! Pale mbele yake palikuwa na kete moja kavu. Mashine ikaila hiyo moja, ikamaliza, zamu ikapita kwa Ziro. Na Ziro angejuaje? Yeye aliona tu kwamba Alfani amecheza ujinga. Akapiga yowe lililotikisa spika, akapeleka kete yake, akaila nyumba ya Alfani, lile shimo la mraba lenye mali yake yote. Akalisomba, halikubaki hata chembe.

"Nyumba! Nimeila nyumba ya Alfani! Eunice, mke wangu, njoo uone! Leo amelala njaa!"

Kahaso aliona furaha ya babake, na wakati huo huo akaona uso wa Alfani. 

"Sikugusa pale," Alfani akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na mtu mwenye ulimi kama ule akisema kwa sauti ndogo, ujue moto uko karibu. "Nimegusa la nne. Mmeniona."

"Mimi nimeona la nne," akasema dereva mmoja.

"Kete imekwenda la sita," akasema mwingine. "Iliyochezwa imechezwa."

Alfani akageuka, akamtazama Kahaso. "Mtambo huu kautengeneza nani? Si binti yake? Nyumba yangu Ziro hajawahi kuila tangu tuzaliwe. Leo imeliwa na mashine."

Jamani! Ukumbi mzima ukamgeukia.  Kuitwa mjinga Kahaso angevumilia. Lakini kuambiwa kwamba amempangia babake ushindi, mbele ya watu, na baba anasikia! Kule pembeni ya kioo Ziro alikuwa ameacha kucheka.

Alfani alikuwa ameshachukua bakora yake. Bahati ya Kahaso, adhana ya alasiri ikasikika. Nassir akainua mkono. "Tukaswali kwanza, waheshimiwa. Mzee wangu, tafadhali. Tukirudi, kama kitu hiki hakijanyooka, tutakizima na yaishe."

"Nitarudi kuchukua kofia yangu tu," Alfani akasema, akatoka. Na kweli kofia yake ya vito, ile ya kudariziwa, aliiacha juu ya kiti.

Kahaso alibaki na Jared. Jared ni kijana wa Kisumu, ndiye anayeangalia kompyuta za hoteli, mrefu, mkarimu, na Kiswahili chake kina viraka.

"Manze, wamekuchoma vibaya," Jared akasema. "Lakini poa. Kete inaenda mbele mashimo mawili, si ndio? Tuisongeshe nyuma mbili, story iishe."

"Na kichwa cha kushoto? Pale mbona alipata sawa?"

Jared akakuna kichwa. "Hapo sasa."

Kahaso akavuta kiti, akaifungua laptopu. Akili ilikuwa imeshaanza kukimbia, na inapokimbia, hofu haiwahi. Akaiambia programu jambo moja dogo: kila kidole kikigusa, kivinjari kichore kidoti chekundu mahali kinapoamini kwamba kimeguswa. Akasimama mbele ya kioo, akagusa pembe ya juu, kushoto kabisa. Kidoti kikatokea chini ya ukucha wake. Akagusa shimo la pili, kidoti kikatua la tatu. Akagusa la nne, kikatua la sita. La tano, kikatua la saba. Akagusa la nane, hakukuwa na kidoti. Kimetoka nje ya kioo!

"Subiri, subiri, subiri," akasema, ingawa Jared hakuwa ameondoka.

Akarudisha kidole pembeni kushoto, akakiburuta taratibu kwenda kulia bila kukiinua. Kidoti kikaondoka naye. Mwanzo walikuwa sawa, halafu kidoti kikamtangulia kidogo, halafu zaidi, halafu kikakimbia mbele kabisa kama mbuzi aliyeona lango wazi. Akaburuta kwenda chini, kikamkimbia kwenda chini vile vile. Hilo wazee hawakuliona, maana mchezo ulikuwa bado kwenye namua, hatua ya kwanza ya bao, kete zinaingizwa safu ya mbele tu, na Kahaso kwa kuhurumia vidole vya wazee alikuwa amekubali mguso wa juu au wa chini ya shimo.

"Jared! Hakijasogea hiki!"

"Si nimekiona kikisogea?"

"Kingekuwa kimesogezwa, kingekosea sawasawa kila mahali. Hiki kinakosea zaidi kadiri unavyokwenda mbali na pembe. Kimezidishwa! Kidole kikienda moja, chenyewe kinakwenda moja na nusu!" Akakamata mkono wa Jared. "Nani amekikuza kioo hiki?"

Jared akatazama viatu vyake. 

"Jared."

"Mimi," akasema. "Asubuhi mzee alikuja kuangalia. Nikamwona anakunja uso, anasogea, anarudi nyuma. Akauliza kama hizo ni kete ama ni ufuta. Sasa ningemwambia mtu mzima avae miwani mbele ya watu? Nikaingia kwa mipangilio, nikakuza kila kitu mara moja na nusu. Polepole, asijue. Ubao, uliokuwa umejaza kioo tangu mwanzo, ukabaki vile vile, kete zikanenepa, akafurahi."

Kahaso alimtazama, akacheka mpaka akashika mbavu. Adabu! Adabu ya kijana mmoja kwa mzee mmoja ndiyo iliyotaka kuwafarakanisha wazee wawili.

Maana sasa aliona yote. Bawabu wa nje alikuwa anahesabu vitone vya kioo chenyewe, vile vidogo vidogo vya kiwandani. Kivinjari cha ndani kilikuwa kinahesabu vitone vilivyonenepeshwa. Bawabu akisema mia sita, anasema mia sita zake nyembamba. Wa ndani akisikia mia sita, anahesabu mia sita zake nene, anafika mbali. Kwenye laptopu ambayo haijakuzwa, vipimo vyao vililingana, na Kahaso akadhani wanaelewana. Kumbe hawakuwa wamewahi kuulizana.

"Rudisha tu ilivyokuwa," Jared akasema. "Nipunguze?"

"Ukipunguza, haoni kete. Na hatasema kwamba haoni. Atacheza vibaya, atafungwa, atasema tumemroga." Kahaso alikuwa ameshaketi. "Hapana. Wafundishwe kuulizana."

Akaandika. Kwa haraka akazidisha badala ya kugawanya, akaifungulia programu pale pale kwenye kioo kikubwa, na alipogusa la pili kidoti kikarukia la nne. "Ptu!" akajizomea mwenyewe. Akabadilisha: chukua namba ya bawabu, uliza kioo kimekuzwa mara ngapi, gawanya, ndipo umpe wa ndani. Safari hii akaianzisha programu upya kwenye laptopu, akaisukumia kwenye kioo kikubwa, akaruka kwenda kugusa la nne.

Kidoti kikatua la sita. Vile vile!

Kule nje watu walikuwa wameanza kurudi. Kahaso akasikia sauti ya Nassir, akasikia na bakora ikigonga sakafu.  Kwa nini? Ameandika kugawanya, macho yake yanaona kugawanya! Gawanya kwa ngapi? Akaiambia programu itaje. Ikataja: moja.

"Moja," akasema kwa sauti. "Anagawanya kwa moja!" Ukigawanya kwa moja umefanya nini? Umepoteza wino. "Jared, programu nimeifungulia wapi?"

"Kwa laptopu yako. Halafu ukaivuta huku."

"Ndiyo! Ikauliza kule kule, ikiwa bado kwenye laptopu, ikaambiwa moja, ikakariri. Imehamia nyumba nyingine na bado inatumia kipimo cha nyumba ya kwanza!"

Mistari mitatu. Usiulize ukiamka, uliza kila unapoguswa, na ukiulize kioo ulichomo sasa. Akafunga, akafungua, akasukuma. Alfani alikuwa ameshaingia, mkono wake uko juu ya kofia. Kahaso akagusa la nne.

Kidoti kikatua la nne, chini ya kidole, kama kimezaliwa pale.

Akagusa la pili. La pili! La nane. La nane! Akaburuta kidole kutoka pembe mpaka pembe, juu mpaka chini, na kidoti kikamfuata kama kivuli. Akapiga ukelele hata wapishi wakarudi mbio. Jared akamnyanyua juu, akakumbuka yuko kazini, akamshusha.

Lakini furaha ya mashine si furaha ya watu. Kahaso akafuta machozi, akaenda mbele ya Alfani, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee akajibu, kwa sababu salamu haina ugomvi.

"Umegusa la nne. Umesema kweli. Mashine ilikosea, na kosa ni langu mimi niliyeitengeneza. Babangu hakujua kitu." Akamwonyesha kidoti, akamwambia aguse mwenyewe. Kuhusu ufuta hakusema neno. Alfani akagusa hapa, akagusa pale, akajaribu kukidanganya kidoti kwa kukishtukiza, hakikudanganyika.

"Na nyumba yangu?"

"Naweza kurudisha kete zote zilipokuwa kabla ya mguso ule."

Nassir akakohoa. "Sheria ya bao ni moja, mwanangu. Iliyochezwa imechezwa. Hairudi ila mwenzake akiridhia."

Wote wakatazama pembe ya kioo. Ziro alikuwa pale muda wote, anasikia kila neno. Kahaso alimjua babake. Maisha yake yote mzee huyu alitaka jambo moja kwa Alfani, na leo amelipata, nyumba nzima, mashahidi ukumbi mzima. Akimwambia "iliyochezwa imechezwa", hakuna wa kumlaumu. Kahaso akaomba kimoyomoyo, asijue anaomba lipi.

"Alfani," Ziro akaita. "Uligusa wapi?"

"La nne."

"Wallahi?"

"Wallahi, Ziro."

Ziro akavuta pumzi ndefu. "Rudisha, Kahaso. Nyumba ya kuokota siitaki. Nikiila, niile mwenyewe anaona."

Ukumbi ulilipuka. Dereva wa tuk-tuk akakumbatiana na mgeni asiyemjua. Kahaso akarudisha kete, Alfani akaweka kofia kichwani, akavuta mkono wa kanzu, akagusa la nne. Kete ikaingia la nne, ikabeba lile rundo la Ziro lote, ikazunguka, ikala tena, ikazunguka.

"Mwizi!" Ziro akapiga kelele kwa furaha. "Mwizi wa makuti wewe!"

"Lia, babu, lia! Kitambaa unacho?"

Weee, bao likachezwa! Kahaso hakuwahi kumsikia babake akisema maneno mengi namna ile tangu ajali. Alitukana, akaimba, akamwita Alfani majina yote ya wanyama wa mnadani. Alipigana mpaka watu wa Msambweni wakaanza kumshangilia yeye. Mara mbili alikaribia kuigusa nyumba ya Alfani, mara mbili ikamponyoka. Mwisho safu yake ya mbele ikabaki nyeupe, haina hata kete moja, na huko ndiko kufungwa.

"Hamna!" Alfani akanguruma.

Sasa, bao lina desturi yake. Aliyefungwa huinuka, ampishe mwingine, na walio pembeni humwinua kwa kelele. Basi watu, kwa mazoea tu, bila kuwaza, wakaanza kupiga makofi kwa pamoja: "Inuka! Inuka! Inuka!"

Halafu mmoja akakumbuka. Akanyamaza. Wa pili akanyamaza. Makofi yakafifia moja moja, mpaka kukawa kimya kabisa, watu hawajui waweke wapi macho.  Alfani alishusha mkono. Kwenye pembe ya kioo Ziro alikuwa anawatazama wote.

"Nani ainuke? Mimi?" akasema. "Thubutu! Kombani mlikuwa mkiniinua kila siku, mkaniona mjinga. Sasa nimepata dawa yenu. Siinuki leo, siinuki kesho, siinuki ng'o! Alfani, utanifunga mpaka uchoke, na utanikuta hapa hapa nimekaa. Haya, panga kete!"

Alfani alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalikuwa mengi kuliko cheko. Akajifuta kwa mkono wa kanzu, akavuta kiti karibu na kioo, akaketi.

"Binti Ziro," akasema bila kugeuka, "tupangie."